Kozi ya mifumo ya maabara, laki tatu na nusu: wiki ya kwanza wanirudishie

Tangazo lilinikuta WhatsApp: kozi ya mifumo ya taarifa za maabara, jioni, wiki nne, "ajira nje nje, mishahara minono". Mimi ni mteknolojia wa maabara, mwaka wa sita kwenye benchi la vipimo, nimechoka kuandika majibu kwenye rejista kisha kuyaingiza yale yale kwenye kompyuta. Nikalipa laki tatu na nusu. Kituo sikitaji. Kiko ghorofani, bajaji kidogo tu kutoka Mwanjelwa, Mbeya, na kwa baridi ya Julai tulisoma na makoti mwilini.

Wiki ya kwanza mwalimu alituonyesha mishahara ya Marekani, kwa dola: wachambuzi wa Epic Beaker, wa SoftLab, yaani mifumo ya kompyuta ya maabara. Kweli kule kazi hizi zilishamiri, hasa baada ya sheria ya HITECH ya 2009 kuzisukuma hospitali ziachane na makaratasi. Asichosema ni kwamba cheti cha Epic huendi kukinunua na ada yako mkononi. Sharti udhaminiwe, kwa kawaida na mwajiri anayetumia mfumo huo. Dada niliyekaa naye alikopa kikoba ili asome. Alinakili dola zote zile kwenye daftari, na mimi nikanyamaza.

Wiki ya pili ndiyo iliyolipa ada. Akaja fundi mwingine, mpole, na mashine kuukuu ya FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu, na kebo ya RS-232 ya kuiunganisha na kompyuta. Siku tatu tunaihangaikia itume majibu kwenye kompyuta. Kasi ya kutuma isipolingana pande zote mbili, skrini inajaa herufi za ajabu ajabu. Tukausoma ujumbe wa ASTM, muundo ambao mashine hutumia kutuma majibu, mstari kwa mstari: H kichwa, P mgonjwa, O kipimo kilichoagizwa, R jibu, L mwisho. Hemoglobini 13.2 ilipotokea, darasa lilipiga makofi. Umeme ukakatika hapo hapo.

SQL ya wiki ya tatu, lugha ya kuchota data kwenye kompyuta, ilikwenda mbio mno. Ya nne ilikuwa marudio.

Je, inalipa? Serikalini, usitegemee. Matangazo ya Ajira Portal yanamtaka mteknolojia wa maabara au ofisa TEHAMA, na mshahara wa kada za afya unafuata ngazi za TGHS, viwango vya mishahara vya serikali. Kuijua GoT-HOMIS, mfumo wa kompyuta wa hospitali za serikali, vizuri hakukupandishi ngazi. Niliona tofauti kwenye miradi ya utafiti. Kwenye usaili niliulizwa maswali mawili tu ya damu. Mengine yote: utahakikishaje jibu lililotoka kwenye mashine ndilo lililofika kwa daktari? Nani anaruhusiwa kulibadilisha, na mfumo unaweka kumbukumbu yake wapi? Maabara inayofukuzia ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, lazima iwe na mtu wa kujibu hayo, na nilijibu kwa yale ya fundi wa kebo. Nimepata mkataba wa mwaka mmoja, mshahara umezidi wa zamani kwa kama theluthi. Mradi ukiisha, nao umeisha.

Nyota tatu kati ya tano, zote za yule fundi. Ukienda, ulizia kwanza kama bado yupo, na kama mashine yake bado inawaka.

Cheti wamekosea jina langu. Nimekirudisha mara mbili, wananiambia printa haina wino.