Fidia ya barabara: kuchimba kinamasi kipya au kufufua cha zamani?

Barabara ikikata mafunjo ya ufukweni Mwanza, fidia ya kinamasi kilichopotea ina njia mbili.

Kuchimba kinamasi kipya kuna faida moja kubwa: unachagua mahali, hata mwisho wa mtaro wa barabara, kinase tope na mafuta kabla hayajafika ziwani. Tabu ni maji. Ukikosea kina kidogo tu, wakati wa kiangazi kinamasi kinakauka na mafunjo yanakufa.

Mimi naunga mkono kufufua. Kinamasi cha zamani kilichofukiwa, udongo wake mweusi mara nyingi bado upo chini ya kifusi. Zoa kifusi, ziba mifereji iliyoukausha, pandikiza miche ya mafunjo. Maji yakirudi, kambale na kamongo nao wanapata pa kuzaliana. Marekani, kanuni ya fidia ya ardhioevu ya 2008 inautanguliza ufufuaji kwa sababu uwezekano wa kufaulu ni mkubwa zaidi. Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, kwa hiyo kinamasi cha ufukweni kina kinga tayari.

Ila mkandarasi asiondoke siku ya kukabidhi barabara. Mkataba umbane aendelee kung'oa magugu maji mpaka mafunjo yashike.