Kusadikika: kitabu cha kufungulia klabu ya kusoma mtandaoni

Klabu nyingi za kusoma za mtandaoni huanza kwa shangwe. Watu wanajiunga, wanasalimiana, wanapiga kura, na kura inaangukia kitabu kinene chenye sifa kubwa. Kufikia katikati, wanaozungumza ni wawili watatu, na wengine wanapita kimya wakisoma ujumbe wa wenzao. Siamini kwamba watu hao ni wavivu. Kitabu chao cha kwanza kilichaguliwa kwa sifa zake, na hakuna aliyejiuliza kitafanya nini kwa watu wasiofahamiana.

Ninaratibu klabu inayokutana kwa simu, kwa maandishi na kwa sauti. Wengi wetu hatujawahi kuonana. Tulifungua na Kusadikika cha Shaaban Robert, na hapa nakipima kwa kazi hiyo tu: kuwafanya wageni wazungumze. Kwamba ni kitabu kikubwa katika fasihi yetu, hilo limeshasemwa na waliosoma zaidi yangu.

Kwa ambao hawajakisoma: kilitoka mwaka 1951, wakati Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na mwandishi wake alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo ya kikoloni. Kusadikika ni nchi iliyo angani, mipaka yake ni pepo. Huko kuna kijana aitwaye Karama, ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu sheria. Mbele ya mfalme na baraza, Karama hajibu mashtaka kwa njia ya mkato. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kwenda pande zote za dunia, wengine hata juu mbinguni na chini ardhini, wakatafute mambo yenye faida kwa nchi yao. Walivumilia taabu, wakarudi na mafunzo, na malipo yao yakawa kifungo. Kila masimulizi ni shahidi wa Karama.

Umbo hilo ndilo lililonifanya nikipendekeze, na ndilo lililoiokoa klabu. Kila mjumbe ana safari yake yenye mwanzo na mwisho. Tulipanga ratiba kwa wajumbe, siyo kwa kurasa, na jambo hili nawasihi waratibu wenzangu walizingatie, kwa kuwa watu huwa na matoleo tofauti ya kitabu kimoja. Ukisema "someni mpaka ukurasa wa thelathini", mwenye toleo la zamani na mwenye toleo jipya wanafika mahali pawili, na mazungumzo ya kwanza yote yanaishia kwenye kutafuta nani yuko wapi. Ukisema "wiki hii ni Buruhani", hakuna anayepotea. Na aliyebanwa na kazi akamkosa mjumbe mmoja anaweza kurudi kwa anayefuata na kuelewa, maana kesi ni ile ile na mshtakiwa ni yule yule. Mwanachama mmoja alijiunga tukiwa kwa Kabuli, hajasoma yaliyotangulia. Tulimweleza shtaka kwa ujumbe mmoja mfupi, akaingia kwenye ubishi siku hiyo hiyo, na baadaye akarudi mwenyewe nyuma kusoma alichokosa. Katika riwaya yenye ukoo mkubwa na siri inayofichuliwa mwishoni, mtu huyo angekaa kimya mpaka kitabu kiishe.

Ni kitabu kifupi pia, lakini ufupi peke yake usikudanganye. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, ni fupi kabisa, na msomaji anaweza kuimaliza jioni moja bila kujua amepita wapi. Naipenda sana. Kama kitabu cha kwanza ingewafanya watu waone haya kusema "sijaelewa" mbele ya wasiowajua, na haya ya namna hiyo ikishaingia kundini ni vigumu kuitoa. Kusadikika mtu anakielewa kwa mara ya kwanza. Anajua nani ameshtakiwa, nani anamshtaki, na nini kimo hatarini. Anachobaki nacho ni uamuzi wake mwenyewe kuhusu kesi ile, na kila mtu ana uamuzi.

Tena uamuzi hautokei mahali unapoutarajia. Mimi nilidhani tutabishana kuhusu ukoloni. Tukabishana kuhusu mfalme. Mwanachama mmoja, kimya tangu ajiunge, alituma sauti akiuliza: mfalme anayekaa akamsikiliza mshtakiwa mpaka mwisho, akimwacha azungumze siku baada ya siku dhidi ya waziri wake, ni mfalme dhalimu kweli? Wengine wakamjibu kwamba kusikiliza hakufuti kifungo cha wale sita, na kwamba waliofungwa hawakupewa nafasi hiyo. Mwingine akasema mfalme alikuwa anamsikiliza Karama kwa sababu Karama anajua kusema, je, asiyejua kusema angepona? Hapo mazungumzo yaliacha kuwa ya kitabu peke yake. Watu walianza kuzungumzia vikao walivyokaa, mapendekezo waliyoyapeleka kwa wakubwa wao kazini yakarudi na lawama, ndugu aliyesafiri akarudi na wazo jipya akaambiwa anajifanya mjuaji. Hatukumuuliza mtu habari zake. Kitabu kiliziuliza kwa niaba yetu, na kila mtu alitoa kiasi alichotaka kutoa.

Ubishi wa ukoloni ulikuja baadaye, nao ulikuwa mzuri. Wapo waliosoma kila ukurasa kama shutuma kwa Waingereza, na hoja yao ina nguvu: mtu aliyeajiriwa na serikali ya kigeni, akitaka kuishutumu, ana sababu njema ya kuipeleka nchi yake angani. Upande wa pili ukasema watawala wa Kusadikika si wageni. Ni Wasadikika wenyewe wanaowafunga Wasadikika wenzao, na baraza linalonyamaza ni la wenyeji. Binafsi niko upande huu wa pili, na nadhani ndiyo sababu kitabu hakikuzeeka Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961. Lakini nilijizuia kusema hivyo mapema. Mratibu akitoa maoni yake kwanza, nusu ya kundi inakubaliana naye kwa adabu.

Kuhusu lugha, nilikuwa na hofu. Kiswahili cha Shaaban Robert kina maneno ambayo baadhi yetu hatuyatumii tena, na sentensi zake hupenda kwenda mbilimbili, wazo na mwenzake. Hofu ilikwisha pale mtu mmoja alipojitolea kusoma sehemu ya Fadhili kwa sauti na kuituma kwenye kundi. Nathari hii iliandikwa na mshairi, na sikio linaipokea haraka kuliko jicho. Toka hapo kila mjumbe alipata msomaji wake. Waliokuwa na shida ya kusoma maandishi madogo kwenye simu walisikiliza wakiwa safarini au wakipika, na neno gumu likitokea kulikuwa daima na mtu mzima mmoja aliyekua nalo, akalieleza. Kwa klabu ya mtandaoni, kitabu kinachosomeka kwa sauti kina thamani kuliko watu wanavyofikiri. Mtu akishasikia sauti ya mwenzake, anamjibu kwa urahisi zaidi kuliko anavyojibu maandishi.

Kasoro zipo, na mratibu azijue mapema. Safari za wajumbe zinafanana mno: kutumwa, taabu, mafunzo, kurudi, kufungwa. Kufikia kwa Auni baadhi yetu walikuwa wanajua kitakachotokea, na shauku ilishuka. Karama naye huhubiri. Kuna mahali nilitamani Majivuno apewe hoja nzito zaidi, kwa kuwa mshindani dhaifu anapunguza ushindi. Na kesi nzima inaendeshwa na wanaume: mshtaki, mshtakiwa, mfalme, wajumbe wote sita. Wanawake wa klabu yetu walilisema hilo bila kuzunguka, na mmoja akauliza mjumbe wa saba angekuwa mwanamke angetumwa wapi. Swali lile lilizaa jioni nzuri kuliko zote, lakini sifa hiyo ni ya aliyeuliza. Kitabu chenyewe kilikuwa na pengo.

Dawa ya kufanana kwa safari tuliipata kwa kugawana kazi. Kwa kila mjumbe mtu mmoja alimtetea, na mwingine alisimama mahali pa Majivuno akieleza kwa nini alistahili kufungwa. Wa pili huyu lazima afanye kazi kwa bidii, maana mwandishi hakumwachia silaha nyingi. Akisema kwamba taifa haliwezi kubadilisha desturi zake kila msafiri anaporudi na jambo alilolipenda ugenini, ghafla kesi inakuwa ngumu, na watu wanarudi kwenye kurasa kutafuta majibu. Nashauri mfanye hivyo tangu kwa Buruhani, msingoje uchovu.

Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1971, ilipata kura nyingi kwetu na niliomba isubiri. Ni riwaya kali na ya lazima, iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na imebeba ukatili wa baba nyumbani, unyonywaji wa msichana kimwili, utoaji mimba na kujiua. Kwenye kundi la watu wasiofahamiana hujui nani anasoma akiwa peke yake usiku na jambo hilo limempata. Katika chumba ungeona uso wa mtu ukibadilika. Kwenye simu unaona tu kwamba ameacha kuandika. Riwaya hiyo inahitaji klabu ambayo watu wake wameshajuana kiasi cha mtu kuweza kumtafuta mwenzake pembeni na kumuuliza kama yuko salama.

Jambo moja la nakala, nalo nalisema kwa uzito. Mara tu kitabu kinapotangazwa, mtu mwema atapiga picha kurasa zote na kuzimwaga kwenye kundi. Msimruhusu. Kazi za Kiswahili zinachapishwa kwa taabu na wachapishaji wachache, na klabu ya wasomaji ikianza kwa kuwanyima riziki inawaondoa wale wale inaowahitaji. Mchague kitabu ambacho kinapatikana, mtoe muda wa kutosha wa kukitafuta kabla ya kuanza, na mwenye nakala mbili amwazime asiye nayo. Kusadikika kimechapishwa mara nyingi na hata maktaba nyingi zinacho, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuiba.

Ningekipa nyota nne kati ya tano kwa kazi ya kufungulia klabu. Nyota ya tano imebaki kwa mjumbe wa saba ambaye hakuandikwa.

Kura ya kitabu cha pili iko wazi kwetu hivi sasa. Mimi nimeipigia Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Ni ndefu zaidi, na safari yake ni ya mtoto Yusuf aliyechukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake. Waliozoea kumuuliza kila mjumbe alitumwa na nani na kwa faida ya nani watakuwa na mengi ya kumuuliza tajiri huyo.