Linux Mint kando ya Windows: uzoefu wangu

Anayetaka kujifunza Linux, mfumo endeshi kama Windows ilivyo, huku kazi zake zote bado ziko Windows hana haja ya kuhama kwa siku moja. Mimi niliiweka Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, kando ya Windows kwenye laptopu ileile, na ninaipa alama za juu kabisa kwa mtu anayeanza. Ugumu mdogo uliopo uko kwenye maandalizi kuliko kwenye usakinishaji wenyewe.

Niliichagua Mint, toleo la 22 lenye eneo-kazi (mwonekano wa skrini na menyu zake) la Cinnamon, kwa sababu menyu iko kona ya chini kushoto na upau wa kazi uko chini, kwa hiyo macho yaliyozoea Windows hayapotei. Sababu ya pili ina uzito zaidi: Mint imejengwa juu ya Ubuntu, aina nyingine ya Linux, na Ubuntu nayo imejengwa juu ya Debian. Maelekezo mengi yaliyoandikiwa Ubuntu yanafanya kazi kwenye Mint vilevile, na kwa mwanafunzi hilo ni hazina. Toleo hilo lilitoka 2024 na litaendelea kupata masasisho ya usalama hadi 2029. Linahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache, ingawa wenyewe wanapendekeza GB 4. Nafasi ya diski ni GB 20 kwa uchache, na ukipata 100 ndiyo raha.

Kilichonivutia kuliko vyote ni kwamba unaijaribu kabla ya kuisakinisha. Unapakua faili la ISO, yaani mfumo mzima ndani ya faili moja, unaliandika kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher (flashi yenyewe itafutwa yote, hamisha vitu vyako kwanza), kisha unaiwasha kompyuta kupitia flashi hiyo. Kitufe cha kubonyeza hutegemea mtengenezaji: F2, F12, Esc au kingine. Mint inafunguka nzima na diski yako haijaguswa. Usikimbilie kusakinisha hapo. Unganisha Wi-Fi, cheza sauti, fungua kamera, punguza mwanga wa skrini, funika laptopu ilale kisha uifunue. Kama kuna kifaa ambacho Linux haikitambui, ni bora ukijue sasa. Mfumo utakwenda polepole kwa sababu unasoma kutoka kwenye flashi, kwa hiyo usiuhukumu kwa kasi ya siku hiyo.

Sasa maandalizi, na hapa naomba msomaji atulie. Nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje. Kisha angalia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba data ya diski. Kompyuta nyingi za siku hizi huja nayo ikiwa imewashwa bila mwenyewe kujua. Tafuta ufunguo wake wa kurejeshea na uuandike mahali nje ya kompyuta hiyo, kwa sababu Windows inaweza kuuomba mara tu utaratibu wa kuwaka unapobadilika. Jambo la tatu ni kuzima Fast Startup. Ikiwa imewashwa, ukizima kompyuta, Windows haizimiki kabisa. Huhifadhi hali ya kiini chake kwenye diski ili iwake haraka kesho. Matokeo yake, Linux ikikuta sehemu ya Windows katika hali hiyo, huenda ikaruhusu kusoma tu bila kuandika.

Nafasi ya Linux niliikata nikiwa ndani ya Windows, kwenye Disk Management, programu yake ya kugawa diski, kwa sababu Windows ndiyo inayojua mafaili yake yamekaa wapi. Nilipunguza sehemu yake, nikaiacha nafasi iliyopatikana tupu bila kuipa jina wala umbo. Baada ya hapo usakinishaji ulikuwa mwepesi: lugha, kibodi, chaguo la kusakinisha kando ya Windows, jina, nenosiri, basi. Soma tu kwa makini kila panapotajwa kufuta diski. Kompyuta ikiwaka upya unaikuta menyu ya GRUB ikikuuliza unataka mfumo gani, na usipojibu inaingia Mint yenyewe.

Kuna jambo moja litakalokushangaza: ukitoka Linux kwenda Windows, saa inakuwa si sahihi. Hakuna kilichoharibika. Windows huisoma saa ya ubao mama kama saa ya mahali ulipo, ilhali Linux huihesabu kama saa ya dunia, UTC, kisha huongeza au kupunguza tofauti. Amri ya `timedatectl set-local-rtc 1` inawapatanisha. Hiyo ndiyo amri ya kwanza niliyoiandika nikielewa inafanya nini, na kuanzia hapo terminali, dirisha la kuandikia amri, ikaacha kunitisha.

Terminali ina mambo machache ya kuzoea. Ukiandika nenosiri baada ya `sudo` (amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi), huenda herufi wala nukta zisionekane. Endelea tu kuandika na ubonyeze Enter. Herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti, kwa hiyo Barua.txt na barua.txt ni mafaili mawili. Hakuna C wala D: kila kitu kinaanzia kwenye alama ya `/`, na vitu vyako viko ndani ya `/home`. Anza na `pwd` (folda uliyomo), `ls` (orodha ya vilivyomo) na `cd` (kuhama folda) ujue uko wapi kabla ya kuhamisha chochote. Iheshimu `rm`, amri ya kufuta, kwani kinachofutwa nayo hakipitii pipa la taka. Na kabla ya majaribio makubwa, tengeneza nakala ya mfumo kwa Timeshift, ambayo Mint huja nayo.

Hata hivyo, kuwa na mifumo miwili kuna mtego wake. Kila jambo gumu linapotokea, Windows iko karibu, na mtu anaweza kukaa na Linux muda mrefu bila kujifunza lolote. Kilichonisaidia ni kuzigawa kazi: kuvinjari, kuandika na kutunza picha nikazihamishia Mint moja kwa moja, hata pale ambapo Windows ingenimalizia haraka zaidi. Kusakinisha programu kwa `apt install` na kuona masasisho ya mfumo na ya programu yakija mahali pamoja kulinifanya nisitamani kurudi kwa kazi hizo.

Windows bado ninayo kwa sababu za kweli. Photoshop na programu za Office za Microsoft hazina toleo la Linux. LibreOffice, mbadala wake kwenye Linux, inafungua faili za docx vizuri, lakini nyaraka zenye majedwali na mpangilio mzito zinaweza kusogea. Baadhi ya michezo ya mtandaoni yenye ulinzi dhidi ya udanganyifu nayo haichezeki. Ambaye kazi zake za kila siku ziko huko aendelee na Windows, na Mint aianzie ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mwingine ndani ya Windows: ajifunze amri humo, kisha aijaribu kwa flashi kabla ya kuikata diski.