Kutoa wimbo kupitia msambazaji wa mtandaoni: uzoefu wangu

Napiga kinanda kwenye kikundi kidogo cha taarab hapa Tanga. Wimbo wetu wa karibuni tumeutoa kupitia kampuni ya usambazaji wa kidijitali, zile unazolipa ada ya mwaka nazo zinaufikisha kwenye maduka ya muziki ya mtandaoni, Spotify, Apple Music, Boomplay na kwingineko, kwa mkupuo mmoja. Wenzangu wengi wananiuliza kama kuna faida.

Kupakia hakusumbui. Faili ya sauti iwe ya aina ya WAV, jalada liwe mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, kisha unajaza jina la mtunzi, mwimbaji na mtayarishaji. Jalada letu lilirudishwa: chini kulikuwa na namba ya simu ya kukodi kikundi, kama tunavyoweka sote kwenye mabango, na maduka haya hayapokei namba wala anwani kwenye jalada. Tulipoifuta likapita. Wimbo hupewa namba yake ya utambulisho, ISRC. Iandikeni mahali, maana mkihamia kampuni nyingine mtaihitaji ili hesabu ya wasikilizaji isipotee.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba wimbo umebaki wetu. Enzi za kanda, vikundi vingi vilipeleka masta, yaani rekodi halisi ya kudurufia, kwa msambazaji Dar, vikapewa fedha ya mara moja, na kanda ngapi zimeuzwa akajua yeye. Leo naona hadi miji: Mombasa, Unguja, na Muscat kule Oman, ambako tunasikilizwa kuliko Dodoma! Kwa taarab hilo halishangazi, lakini kuliona kwenye kioo cha simu kulimliza mwimbaji wetu mkuu, mama mtu mzima.

Fedha, sasa. Tangu 2024 Spotify hailipi mirabaha ya wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Ripoti nazo huchelewa miezi. Kampuni yetu hailipi kwa simu, ni benki tu, na makato yalimeza sehemu kubwa ya kile kidogo tulichopata. Ulizeni hilo kabla ya kutoa ada, na mkiacha kuilipa, je, nyimbo zinashushwa? Usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nao ni jambo jingine, kampuni hizi hazikufanyii.

Tutaendelea, ila kwa kampuni inayokata asilimia badala ya ada. Na safari hii tumeandikiana kwanza mgawo: mtunzi, mwimbaji, wapigaji, kila mtu na sahihi yake.