Almasi inayowaka bluu, nimenunua Deira na sijutii (nyota 4)

Wiki tatu sasa tangu ninunue pete pale Gold Souk Deira, Dubai, duka silitaji ila wanakaribisha vizuri, chai ya maziwa mpaka unaona aibu kutoka mikono mitupu. Jiwe ni karati 0.70 rangi J (kipimo kinaanzia D, nyeupe kabisa, kadiri unavyoshuka ndo unjano unaingia), na kwenye cheti cha GIA, ile maabara ya kupima almasi, upande wa floresensi, yaani jiwe kuwaka likipigwa mwanga wa UV, wameandika Strong Blue (bluu kali), jamaa hakunitajia mpaka nikasoma mwenyewe, hapo ndo nyota moja imekatika.

Nikamwambia lete taa ya UV, ile kama ya kukagulia noti feki, aisee jiwe liliwaka bluu kama disko. Watu wengi wanakimbia hiyo kitu na kwa rangi za juu, D mpaka F, kibei wako sahihi maana sokoni zinashushwa, na ukija kuuza na wewe utashushwa hivohivo. Ila kwa J ile bluu inaua unjano, nimelitoa nje juani limeonekana jeupe kabisa.

Cha kuogopa ni ukungu. Kuna mawe, machache lakini yapo, yenye floresensi kali yanakaa kama yamepakwa mafuta ya nazi, na zile taa kali za dukani zinakuficha hilo, so mwombe muuzaji mtoke nalo mlangoni, akikataa mwachie pete yake.

Bei nimepunguziwa vizuri tu, shemeji yenu hajui kitu, juzi ukumbini anashangaa kidole kinawaka.