Steshenari ya Mtwara iliyoandika jina langu kama lilivyo

Jamani kama uko Mtwara na una jina ambalo kila ukilitaja watu wanakuuliza "eti nani?" mara mbili, hii ni ya kwako. Steshenari hii naipa nyota nne, ya tano nimeibania na sababu ntasema.

Mi naitwa Siwatu. Mama alinizaa kipindi ambacho hana maelewano na mawifi zake, siku saba zinapita hamna hata mmoja aliyekuja kumchungulia wala kumletea uji, babu alivyouliza mtoto anaitwa nani mama akajibu Siwatu, na ujumbe uliwafika siku ileile. Kwa wazee wetu jina lilikuwa linasema jambo. Ndo maana pwani yote kuna kina Tabu, Shida, Mashaka, Sikudhani, Sikujua, kuna Chausiku aliyezaliwa usiku, na kuna yale majina ya kumkinga mtoto, yani mama kashazika wawili watatu basi huyu anayefuata anapewa jina la kudharaulika makusudi ili kifo kimwone si kitu kipite zake. Siti binti Saad mwenyewe, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyeenda Bombay kurekodi mwaka 1928, alivyozaliwa kule Fumba aliitwa Mtumwa, hilo la Siti lilikuja baadaye.

Na sisi watu wa kusini ndo tulitakiwa tuongoze kwa kuheshimu majina, maana kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua mtoto anatoka jando au unyago na jina jipya, na ukimwita mtu mzima kwa lile la utotoni umemtukana. Afu hao hao ndo wanakaa ofisini wanacheka jina la mwenzao. Inaniuma kwakweli.

Yangu yalianza darasa la kwanza. Mwalimu aliposikia Siwatu akasema hili sio jina la kumwandika mtoto, akaandika Saida, nyumbani hakuna aliyebisha mwalimu, nikawa Saida mpaka form four na cheti kikatoka Saida. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa cha NIDA vinasema Siwatu. Msimu uliopita wa korosho nikaomba kazi ya ukarani wa ghala, yule anayepokea makaratasi akaviweka vyeti vyangu sambamba mezani akaanza kucheka, akamwita mwenzake chumba cha pili aje aone, "sasa kama si watu ni nini, majini?" Nimesimama pale na bahasha mkononi sijui niangalie wapi. Wakamaliza kucheka ndo nikaambiwa nikalete kiapo cha majina.

Sa twende kwenye steshenari. Ipo mitaa ya sokoni Mtwara mjini, haina hata bango, ukiuliza kwa mama mwenye genereta unaonyeshwa. Nimefika nikamwamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu ukae. Nikamwambia shida yangu kwa sauti ya chini maana nyuma kuna foleni. Yule mama hakucheka wala hakuuliza maana yake, alichukua kipande cha karatasi na peni akaniambia, "Nitajie herufi moja moja mwanangu." S, I, W, A, T, U, anaandika kubwa kubwa, akanigeuzia karatasi nihakikishe, ndo akaanza kutaipu, na kabla ya kuprinti akaigeuza skrini yenyewe nisome mstari kwa mstari na kidole. Kijana mmoja nyuma yangu akaguna kicheko, mama hata hakugeuka, akamwambia tu, "Na la kwako baba nitaliandika hivyohivyo ulivyopewa." Kijana kimya.

Kitu kingine aliniuliza swali ambalo hamna mtu aliwahi kuniuliza: unataka kubadili jina, au unataka ijulikane kwamba hayo majina mawili ni ya mtu mmoja? Kumbe ni vitu viwili tofauti. Kubadili kuna hati yake, inaandaliwa na wakili, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, afu inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Mi sikuwa nataka kubadili chochote, jina la mama yangu silitoi, kwahiyo ilikuwa ni kiapo tu, na wakili yupo mlango wa pili hapohapo, nikaapa akagonga muhuri. Mama angeweza kunipeleka njia ndefu nikalipa zaidi, hakufanya hivyo. Nimemwona pia akimrudisha dada mmoja mwenye kichanga aliyetaka ajaziwe mambo ya cheti cha kuzaliwa, akamwambia wa chini ya miaka mitano ni bure, nenda kliniki au ofisi ya kata usinipe hela yako. Mwenye biashara anayekataa hela ya namna hiyo hata kama foleni ni ndefu mi namrudia.

Sasa nyota niliyoibania. Kompyuta ni moja na mama ni mmoja, nimekaa karibu masaa matatu. Umeme ulikatika katikati na genereta likagoma kuwaka mara ya kwanza, kazi ikabidi ianze upya. Kopi 100 ni sawa ila kuprinti ukurasa 500 ni kubwa, na risiti hadi uombe. Picha za pasipoti msipige hapo, yangu ilitoka nyeusi uso hauonekani, nikaenda kupiga kwingine.

Nendeni asubuhi kabla ya saa tatu, mbebe cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na vyeti vya shule vyenyewe sio kopi tu, na jina mlitaje kwa sauti, pale hamna haja ya kunong'ona. Kiapo changu nimekiweka laminesheni, mama alisema hela ya laminesheni nimuachie siku nyingine. Siwatu imeandikwa mle mara nne na zote ziko sawa.