Dada mkubwa na utaji wake: Till We Have Faces ya C.S. Lewis

Mama alipofariki, wadogo zangu walibaki mikononi mwangu, kwa hiyo Orual, dada mkubwa anayesimulia riwaya hii, nilimtetea nusu nzima ya kitabu. Nimekisomea dukani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, kati ya mteja wa dera na mteja wa kitenge. Riwaya ilitoka mwaka 1956. Lewis kachukua kisa cha kale cha Cupid, mungu wa mapenzi, na Psyche, binti aliyemwoa na kumkataza asimwone uso, kisa alichokiandika Apuleius, mtu wa Afrika Kaskazini wa karne ya 2, akamwachia dada mkubwa asimulie mwenyewe.

Kwa Apuleius, dada wanaliona jumba la mdogo wao na wivu unawapanda. Hapa Orual halioni. Psyche anamkaribisha kwa kikombe cha thamani, yeye anaona viganja vyenye maji na mdogo wake kavaa matambara. Basi ukatili wake unafanana na huruma kabisa. Anachomoa jambia, anajichoma mkono wake mwenyewe ukatoboka, ili mtoto wa watu aape kuwasha taa usiku amwone mumewe. Nilifunika kitabu, nikahudumia wateja kwanza. "Ukifanya hivyo utaniua" tumeshaisema wangapi, tena bila jambia?

Lakini aliyenimaliza ni Ansit. Orual sasa ni malkia, uso kaufunika kwa utaji miaka yote, na Bardia, jemadari wake, amekufa. Anakwenda kumpa mjane mkono wa pole. Ansit hamung'unyi maneno: mume wangu umemla. Vita vyako, mabaraza yako, kazi zako mpaka usiku. Mimi nikaletewa kiporo. Orual anafunua uso, Ansit anaelewa kuwa huyu naye alimpenda. Wanalia pamoja, kisha chuki inarudi palepale. Uandishi huo!

Ndipo katika maono anajitazama kwenye kioo cha baba yake, anaona uso wa Ungit, mungu wa kike mla watu. Kesi aliyoiandika dhidi ya miungu, kwamba ilimnyang'anya Psyche, inageuka kuwa ya mtu anayedai mali yake.

Sehemu ya pili ina sura 4 tu, na ndoto zinapandana mpaka unapotea. Kiingereza chake nacho kinataka utulivu. Ila kinachoniudhi hasa ni Redival, dada wa kati, anayechorwa kama mmbea tu. Mwishoni, kwa mistari michache, tunaambiwa alikuwa mpweke: Orual alikuwa wake, akaja mwalimu, akazaliwa Psyche, yeye akawekwa kando. Mistari michache! Kitabu cha Redival ningekinunua leo hii.